Jibu: Mbegu za kartamu na homoni ya kike

Dada uliyeuliza kama mama yako anunue mafuta ya kartamu, kwa kuwa muuzaji kamwambia "yana steroli, na steroli ni estrojeni ya mimea": nitakujibu kwa urefu, maana mbegu hizi nilihangaika nazo miaka miwili nikisoma shahada ya uzamili Korea Kusini.

Kwa wasioujua, kartamu ni mmea wa jamii moja na alizeti, wenye miiba kama mbigili na maua ya rangi ya machungwa ambayo wachuuzi wasio waaminifu huyauza kama zafarani. Wakorea hukaanga mbegu zake wakazichemsha kama chai kwa mtu aliyevunjika mfupa. Bibi mwenye nyumba niliyopanga aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono, na kipupwe chote kile nyumba ilinukia mbegu za kukaangwa. Kila jioni na mimi alinimiminia kikombe.

Muuzaji anachanganya vitu viwili: steroli, yaani vitu vya mimea vinavyofanana na kolesteroli, na estrojeni, homoni ya kike. Beta-sitosteroli, steroli kuu ya mbegu hizi, ina pete nne za kaboni kama estradioli (estrojeni kuu ya mwili), ndiyo maana watu huona ni ndugu. Lakini ili kitu kikae vizuri kwenye kipokezi cha estrojeni (mahali kwenye seli ambapo homoni hiyo hujishikiza), kwa kawaida huhitaji pete ya kifenoli, yaani pete bapa ya kaboni sita iliyoshika oksijeni na hidrojeni. Sitosteroli haina, ina mkia mrefu kama wa kolesteroli. Tena utumbo hufyonza chini ya asilimia 5 ya steroli za mimea. Kazi yake iliyothibitishwa ni kuizuia kolesteroli isifyonzwe: gramu 2 kwa siku hushusha LDL (kolesteroli mbaya) kwa karibu asilimia 8 hadi 10, na kiasi hicho huwezi kukipata kwa vijiko viwili vitatu vya mafuta.

Vyenye tabia ya estrojeni humo ni vingine kabisa: makundi mawili ya kemikali za mimea, lignani kama matairesinoli, na flavonoidi kama asasetini. Hivi vina fenoli, na ukikamua mbegu, sehemu yake kubwa hubaki kwenye mashudu. Mashudu ya kartamu ni machungu na huharisha, na yote mawili husababishwa na lignani zilizofungamana na sukari. Kwa hiyo anayeuza mafuta kwa jina la estrojeni anauza kile ambacho kimebaki kwenye mashine.

Hata kwenye mashudu, usikimbilie kushangilia. Maabara tulitumia seli za MCF-7, zilizotokana na saratani ya matiti ya mtawa mmoja wa Marekani mwaka 1970. Zikipata estrojeni, huongezeka haraka. Mwezi wangu wa kwanza ziliongezeka hata kwenye vyombo ambavyo sikuweka chochote. Nililia siku ile. Msimamizi wangu akanionyesha kosa: kimiminika cha kukuzia seli kilikuwa na rangi nyekundu ya fenoli, ambayo tangu 1986 inajulikana kuwa na nguvu kidogo ya estrojeni. Nikaanza upya kwa kimiminika kisicho na rangi. Tangu hapo nikisoma "imeonyesha nguvu ya estrojeni" huuliza kwanza: kwenye nini, na kwa kiasi gani?

Halafu mbegu hiyohiyo ina lignani nyingine, trakelosidi, ambayo watafiti wa Korea waliandika mwaka 2006 kwamba inapinga estrojeni. Kijiko kimoja cha mbegu kinabeba kinachosukuma na kinachovuta. Kuna majaribio ya panya waliotolewa ovari ambao mifupa yao ililindwa na mbegu hizi, nami nayaheshimu, ila panya hao walipewa dozi zilizopimwa.

Kilichonifanya niandike leo ni ile sentensi yako ya mwisho, kwamba mama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Maua ya kartamu katika tiba ya Kichina ni dawa ya kuendesha damu na kuleta hedhi, na yanaweza kuiongezea nguvu dawa hiyo ya mama. Chai za mitishamba mara nyingi huchanganya maua na mbegu bila kusema. Asianze chochote kabla ya kuongea na daktari anayempima INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda), na aende na pakiti yenyewe mkononi. Mafuta ya kupikia kidogo kwenye chakula ni jambo jingine, hayo sina hofu nayo.

Tuambie pia: hedhi ilikoma lini, na kuna aliyewahi kuugua saratani ya matiti katika familia yenu?