Bia ya Krismasi yenye viungo: kwa anayeanza kupika Nakuru au Kisumu

Anza wiki ya kwanza ya Novemba. Bia hii huchacha wiki mbili, kisha inahitaji wiki tatu au nne ndani ya chupa ili karafuu itulie na ladha zishikane. Ukiipika Desemba 10, wageni watakunywa kitu kikali kinachonuka kabati la viungo. Kabla ya hayo yote pitia afisi ya leseni za vileo ya kaunti yako uulize unachoruhusiwa, hata kama huna nia ya kuuza. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010 ni kali kwa anayetengeneza bila leseni.

Vipimo vifuatavyo ni vya lita 10. Kimea cha shayiri kilo 2.3, kimea cha wimbi gramu 300, sukari nguru gramu 250, hopsi (maua makavu yanayoipa bia uchungu) gramu 20 zenye asidi ya alfa, yaani kiini cha uchungu huo, ya asilimia 5 hivi, na hamira ya bia gramu 7. Kimea na hopsi huagizwa. Wimbi na sukari nguru zimejaa sokoni. Chagua nguru nyeusi isiyonuka moshi, maana moshi hautoki. Wimbi ulioota na kukaushwa ukaange bila mafuta kwa moto mdogo hadi uwe na rangi ya kahawia na unukie. Ukiungua, utupe, kwa sababu uchungu wake utaumeza mdalasini wote.

Shayiri ipeleke posho mill na umwambie mwenye mashine apasue punje tu, asisage unga. Unga huziba mfuko wa kuchujia, na maganda yaliyosagika huleta ukakasi unaokausha ulimi.

Maji yana mambo yake. Ya mfereji yana klorini, nayo ikikutana na kimea huacha ladha ya plasta ya hospitali. Yaache wazi usiku kucha, au yachemshe siku moja kabla. Nakuru kuna jambo la ziada: visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi, na kuchemsha hakuitoi, kunaikoleza tu maji yanapopungua. Tumia ya mvua yaliyochujwa au ya kununua.

Pasha lita 16 hadi nyuzi 70, tumbukiza kimea chote, cha shayiri na cha wimbi, ndani ya mfuko wa kitambaa chepesi, koroga vidonge vyote viishe. Joto litashuka hadi 66 au 67, na hapo ndipo wanga hugeuka sukari. Funika sufuria, izungushie blanketi, acha saa moja. Likipanda kupita 70 bia itabaki nzito na tamu. Likiteremka chini ya 62 itakuwa nyepesi mno kubeba viungo. Inua mfuko, uache udondoke wenyewe.

Chemsha kwa nguvu bila kifuniko. Tia hopsi mwanzoni, sukari nguru zikibaki dakika 15, huku ukikoroga isigande chini na kuungua. Kisumu dakika 60 zinatosha. Nakuru, iliyo juu ya mita 1,800, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi na uchungu wa hopsi hutoka polepole, kwa hiyo fikisha dakika 75.

Sasa viungo, mahali ambapo wengi huharibu. Anayeanza huvitia kama anayepika pilau, akisahau kwamba bia haina mafuta wala nyama ya kuvifunika. Karafuu ndiyo hatari kubwa: tatu zinatosha lita 10, na sita zitautia ulimi ganzi. Zikibaki dakika tano, tia karafuu hizo tatu, kijiti kimoja cha mdalasini cha sentimita 7, iliki tatu zilizopasuliwa, tangawizi mbichi gramu 15 iliyokwaruzwa, na ganda la chungwa moja. Menya ile sehemu ya juu yenye rangi peke yake; nyeupe ya ndani ni chungu. Usitumie viungo vya unga, kwa kuwa havichujiki na vinaendelea kukolea hadi chupani.

Kiasi hicho ni kidogo makusudi. Kiungo kilichopungua utakiongeza baadaye. Kilichozidi hakuna njia ya kukitoa. Siku hiyo hiyo loweka mdalasini, iliki na kungumanga kidogo katika mililita 100 za vodka, ufunge. Siku ya kujaza chupa pima bia mililita 100 kwenye glasi, ongeza vodka hiyo ya viungo tone moja moja na uonje kila mara. Matone mawili yakikupendeza, lita 10 zitahitaji matone 200, yaani mililita 10 hivi. Ukisita kati ya viwango viwili, chukua cha chini.

Poza sufuria ndani ya karai la maji yenye barafu hadi nyuzi 20. Kuanzia hapa kila kitakachogusa bia kiwe kimetakaswa: kijiko kimoja cha mezani cha dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato, kwa lita 4 za maji, dakika 20, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Usichanganye kamwe dawa hiyo na siki. Hutoa gesi yenye sumu. Mimina kwenye ndoo ya plastiki inayofaa kuwekea chakula, tikisa iingize hewa, pima kwa hidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha wingi wa sukari. Unatafuta 1.060 hivi. Tia hamira, funga, na mpira mwembamba wa kutolea gesi uishie ndani ya chupa ya maji ili inzi wadogo wasiingie. Hao ndio huleta siki.

Joto la kuchachia lina uzito kuliko resipe yenyewe. Hamira ya kawaida hutaka nyuzi 18 hadi 21. Ikichacha kwenye 28, kama ilivyo kawaida ya nyumba za Kisumu, hutoa harufu ya rangi ya kucha, na kichwa kitakuuma asubuhi. Simamisha ndoo ndani ya karai la maji, ifunge taulo lililolowa, badilisha chupa za maji yaliyogandishwa asubuhi na jioni, hasa siku tatu za kwanza. Njia nyepesi zaidi ni kuagiza kveik, hamira ya mashamba ya magharibi mwa Norwe, ambako bia ya Krismasi ni desturi ya kale. Ile ya Voss hufurahia nyuzi 30 na zaidi, na harufu yake ya chungwa inaoana na viungo hivi. Nakuru shida ni usiku wa baridi: weka ndoo chumba cha ndani, mbali na sakafu ya simiti.

Usijaze chupa kwa kuhesabu siku. Subiri hidromita isome sawa siku tatu mfululizo, kati ya 1.012 na 1.016. Chupa iliyofungwa mapema hupasuka, na vioo vyake hupofusha mtu. Ili bia ipate gesi chupani, yeyusha gramu 60 za sukari nyeupe katika maji kidogo ya moto, changanya taratibu na lita zote 10, acha nafasi ya vidole viwili shingoni. Kundi la kwanza liweke kwenye chupa safi za plastiki za soda: ukibonyeza na ikawa ngumu kama jiwe, legeza kifuniko kidogo.

Kisumu gesi hukamilika kwa siku 10 hivi, Nakuru kwa wiki tatu. Baada ya hapo ziweke mahali pa giza na baridi, zimesimama wima. Unapomimina, bakisha kidole kimoja chini, kwenye mashapo ya hamira. Ina kileo cha asilimia 6 hivi, kwa hiyo glasi ziwe ndogo, na chupa zikae mbali na watoto wanaoweza kudhani ni soda.