Kisu cha kukunja kuchanjia kuni: kinaweza, ila loki usiifunge

Mkuu umeuliza kama kisu chako cha kukunja kinatosha kuchanjia kuni porini ili usibebe panga. Kinatosha kwa vijiti, na mimi hili nimelijua kwa kidole.

Mwaka juzi mwezi wa saba tulienda Lushoto wanne kulala kwenye mahema, na anayeijua Usambara mwezi huo anaijua ile baridi na ukungu, kila ulichoshika kimeloa. Panga likabaki nyumbani, kila mtu akidhani mwenzie kabeba. Kuni tulizookota zimeloa juu ila ukizipasua ndani kukavu, na moto unaanzia huko ndani, basi nikafungua kisu, loki (kile kizuizi kinachoshikilia ubapa usijikunje) ikalia tak, nikakitegesha juu ya kipande cha mkaratusi kinene kama kiwiko nikaanza kukigonga mgongoni kwa gongo. Katikati kikanasa, kumbe kuna fundo. Nikaukandamiza mpini huku nagonga ncha kwa hasira. Loki ikaachia, mpini ukajikunja na kidole changu cha shahada kikiwa hapo hapo. Kovu ninalo.

Baadae ndo nikaelewa. Ukigonga ncha inataka kushuka, mkono wako unazuia mpini usipande, nguvu yote inaenda kuishia kwenye kile kipini chembamba cha bawaba na loki. Kwahiyo siku hizi loki naiacha wazi (kama una kile kisu cha Mfaransa, Opinel, loki yake ni pete, usiizungushe), mpini nauinamisha kidogo uning'inie, naugusa kwa vidole viwili tu au siushiki kabisa, halafu nagonga ncha inayochomoza upande wa pili. Hapo kinachofanya kazi ni ubapa peke yake.

Na kijiti kisizidi nusu ya urefu wa ubapa. Opinel namba 8 ubapa wake ni sentimita 8.5, kwahiyo kitu cha sentimita nne basi, zaidi ya hapo hupati ncha ya kugonga. Chagua kilichonyooka kisicho na fundo, paina inaachana vizuri tu, mkaratusi mkavu nyuzi zimesokotana utajuta.

Kikiwa kinene usilazimishe. Chonga kabari mbili za mti mgumu, kisu kifungue ufa tu kichwani, kitoe, chomeka kabari ugonge hizo hata kwa jiwe, zikivunjika unachonga nyingine. Jioni ile tuliokolewa na kabari aisee, mimi nimefunga kidole na kitambaa wenzangu wanagonga, chai tumekunywa saa tatu usiku.

Ukichanja paina safisha bawaba kwa mafuta ya taa, utomvu ukikauka mle kisu hakifunguki.

Changu bado ninacho ila kinacheza kama jino la mtoto, namenyea machungwa tu.