Kaka aliniambia aliyemchoma kisu: je, mahakama itayapokea maneno yake?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Naandika kutoka Malaba. Kaka yangu alikuwa mwendesha boda boda. Usiku mmoja mwaka jana alichomwa kisu, akajikokota hadi kwenye geti letu. Nilipomwinua aliniambia, "Ni yule wa steji, yule tuliyegombana juu ya simu. Nipeleke hospitali, nitapona." Alifariki alfajiri. Mtu alikamatwa, na wakili wa serikali ameniweka kwenye orodha ya mashahidi. Binamu yetu anayesoma sheria anasema maneno hayo hayatapokelewa: kwanza mimi niliambiwa tu, sikuona, pili, kaka hakujua kwamba anakufa. Mama naye anataka asimame kizimbani aeleze nilichomsimulia usiku ule. Tufanyeje?

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa msiba. Binamu yenu amekosea katika jambo la pili, na katika la kwanza ameshika nusu tu ya sheria.

Kanuni anayoisema ipo. Sheria ya Ushahidi ya Uganda, kifungu cha 59 (natumia namba za toleo la mwaka 2000), inataka shahidi aseme alichokijua mwenyewe: kama ni jambo la kuonekana, aje aliyeliona, kama ni la kusikika, aje aliyelisikia kwa masikio yake. Anayeleta ya kuambiwa anazuiwa kwa sababu aliyesema hasa hayupo kuhojiwa na upande wa pili. Kwa kisu chenyewe, wewe si shahidi. Kwa maneno yaliyotoka kinywani mwa kaka yako pale getini, wewe ndiye shahidi, maana uliyasikia mwenyewe. Kinachobaki ni kama mahakama inaweza kuyatumia maneno hayo kama ushahidi wa nani aliyemchoma, wakati msemaji ameshazikwa.

Hapo ndipo kinaingia kifungu cha 30(a). Maneno ya marehemu kuhusu kilichomuua, au mazingira yaliyoleta kifo chake, yanapokelewa katika kesi ambayo chanzo cha kifo hicho ndicho kinachotafutwa. Sharti hili la mwisho watu hulisahau. Laiti kaka yako angeporwa, akapona, kisha akafa kwa malaria, maneno yake yasingeingia kwa mlango huu katika kesi ya uporaji.

Na lile la "nitapona"? Nadhani binamu amesoma vitabu vya Uingereza. Kule, sheria ya zamani ilidai msemaji awe amekata tamaa kabisa ya kuishi, kwa imani kwamba anayekiona kifo hawezi kudanganya. Sheria yetu haikufuata njia hiyo. Ilichukuliwa kutoka sheria ya India ya 1872, na kifungu chetu kinasema wazi kwamba haijalishi kama msemaji alitarajia kufa au hakutarajia. Kwa hiyo usithubutu kuliacha neno "nitapona" ukidhani linaharibu kesi. Ukilificha likafichuka, wakili wa utetezi atawauliza wanaosikiliza ni nini kingine ulichopunguza.

Sasa nikuambie linalonisumbua mimi. Kupokelewa ni jambo moja, kuaminiwa ni jingine. Mwaka 1954, katika rufaa ya Pius Jasunga, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema hakuna sheria inayolazimisha maneno ya marehemu yaungwe mkono na ushahidi mwingine, lakini kwa kawaida ni hatari sana kumtia mtu hatiani kwa maneno hayo peke yake. Marehemu hakuhojiwa, na aliyeshambuliwa ghafla, tena gizani, anaweza kumfananisha mtu. Mahakama hiyohiyo ilishasema kwamba hata marehemu akilirudia jina kwa watu wengi, hiyo inaonyesha tu kwamba mwenyewe aliamini hivyo. Haithibitishi kwamba hakukosea. Ni tahadhari ninayoiheshimu, hata ninapokuwa upande wa familia iliyofiwa, kwa sababu aliyeko kizimbani naye anaweza kufungwa maisha.

Tena soma maneno ya kaka yako polepole. Hakutaja jina! Amesema "yule wa steji, yule tuliyegombana juu ya simu". Bila mtu wa kuonyesha huyo ni nani, maneno hayo yanaelea. Mtafuteni aliyekuwepo steji siku ya ugomvi. Huyo atasema alichokiona: nani na nani, simu ya nani. Na kama alimsikia mmoja akimwambia kaka yako "nitakuonyesha", anaweza kulitamka neno hilo mahakamani bila kuvunja kanuni, kwa sababu halitolewi ili kuthibitisha kwamba habari iliyomo ni kweli. Linaonyesha kwamba tishio lilitolewa. Baraza la Rufaa la London lilieleza tofauti hiyo mwaka 1956 katika kesi ya Subramaniam iliyotoka Malaya. Wapelelezi waulizwe pia kuhusu taa ya mahali alipochomwa, na ripoti ya daktari iseme jeraha lilikuwa mbele au mgongoni. Aliyechomwa kwa nyuma alimwonaje mtu?

Wewe mwenyewe, yatamke maneno kama yalivyotamkwa. Niliwahi kumsikia shahidi akisema, "Marehemu alinieleza kwamba alishambuliwa na mshtakiwa." Wakili wa utetezi akasimama na swali moja: "Alisema 'mshtakiwa'?" Yule mama akanyamaza. Marehemu alikuwa amesema "mtoto wa jirani", na jirani alikuwa na watoto watatu wa kiume. Kama kaka yako alisema kwa Kiteso na hapa umenitafsiria, mahakamani yaseme kwa Kiteso, mkalimani afanye kazi yake. Ukiulizwa ulimwuliza nini kabla hajajibu, lijibu hilo pia, jina lililotajwa baada ya kuulizwa "ni fulani?" lina uzito mdogo kuliko lililotoka lenyewe.

Mama asiende kusimulia ulichomwambia. Huo ndio ushahidi wa kuambiwa hasa, na kifungu cha 30 hakimsaidii, kwa kuwa wewe uko hai na unaweza kuitwa. Lakini kama alitoka nje akaona damu kutoka barabarani hadi getini, au alimsikia mwanawe akisema chochote kabla hajapandishwa garini, hayo ni yake, na ayaandikishe polisi sasa. Kabla ya siku ya kesi mwombe wakili wa serikali akusomee maelezo uliyoandikisha kituoni. Kama yule askari aliandika "alitaja mshtakiwa" badala ya maneno uliyoniandikia hapa, mwambie wakili huyo mapema.