Balbu za LED kwa gari la usukani wa kulia: angalia taa kwanza

Magari mengi tunayoendesha hapa Lubumbashi yalitoka Japan. Yanashushwa Dar es Salaam, yanapita Zambia, yanaingilia mpaka wa Kasumbalesa, na usukani wake uko kulia ilhali sisi tunaendesha kulia mwa barabara. Kila dereva anaijua tabu ya kulipita lori akiwa amekaa upande huo. Unamwomba aliyekaa kushoto akuchungulie. Taa za mbele nazo zina tabu yao itokanayo na jambo hilohilo, na hiyo watu hawaizungumzi. Ndiyo maana ndugu akiniuliza aweke balbu gani za LED, mimi namuuliza kwanza gari lake lilitengenezewa barabara ya nchi gani.

Mwanga wa kode, yaani taa ya kupishana, haukatwi sawasawa pande zote. Upande anakotoka mwenzako unakatwa chini ili usimpige machoni. Upande wa ukingo wa barabara unainuka, ili umwone anayetembea kwa miguu. Wajapani wanaendesha kushoto, kwa hiyo taa zao huinua mwanga kushoto. Taa hiyo ikifika kwetu, kila kitu kinageuka: kile kipande kilichoinuka kinamwingia machoni dereva anayekuja, na ukingo wa kulia, ambako watu wetu wanapita, unabaki giza.

Na ni nani anayepita kwenye ukingo huo? Ukitoka mjini alfajiri kwa barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa utawakuta wale vijana na wazee wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya makaa, wakiwahi soko. Hawana taa, hawana hata kipande cha kitu kinachorudisha mwanga. Gunia ni jeusi, nguo imeshakuwa nyeusi, na mtu mwenyewe amejificha nyuma ya mzigo wake. Mimi barabara hizo ninazipita kwa kazi, usiku na alfajiri, na sijali sana gari langu linaonekanaje kwa mbele. Nataka nimwone yule mzee mapema vya kutosha nisimguse.

Sasa, LED nzuri haibadilishi umbo la mwanga. Umbo linatoka kwenye taa yenyewe: kioo chake cha ndani kinachorudisha mwanga, au lenzi. Balbu inaleta nguvu tu. Ukiichomeka LED kali ndani ya taa ya Japan, ukingo wako wa kulia unabaki palepale gizani, na yule anayekuja mbele unampofusha zaidi kuliko jana. Yeye akipofuka, anakuja upande wako au anakwenda upande wa baiskeli. Hapo hujanunua usalama.

Jipime mwenyewe kabla ya kutoa pesa. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, washa kode, na uangalie mstari ambapo mwanga unakoma kwa juu. Ukiona mstari unapanda kushoto kwako, taa zako ni za nchi za kuendesha kushoto. Ukipanda kulia, ni za kwetu. Wakati uko hapo, chora mstari huo ukutani kwa chaki. Utauhitaji baadaye.

Kwa taa zilizogeuka, dawa ya kweli ni kubadilisha taa nzima, pande zote mbili. Modeli nyingi za Japan ziliuzwa pia Ulaya au nchi za Ghuba, wakati mwingine kwa jina lingine. Vitz, kwa mfano, Ulaya waliiita Yaris. Kwa hiyo unatafuta taa za gari la kizazi kilekile lililokuwa na usukani wa kushoto, na unalinganisha matundu ya boliti na plagi kabla ya kulipa. Fundi wangu wa Kamalondo ndiye aliyenipatia zangu, zimetumika lakini hazijavunjika. Nilipozifunga na balbu zilezile za zamani za halojeni, bila LED yoyote, nilianza kuuona ukingo wa kulia kwa namna ambayo sikuwahi kuuona na gari hilo. Madereva waliokuwa wakinipigia fulu, yaani taa kali ya mbali, kila tukipishana wakaacha.

Kama gari lako ni la modeli iliyouzwa Japan tu, kuna njia ya pili. Mtu mmoja asimame ukutani, mwingine afunike taa kidogokidogo kwa kipande cha kartoni mpaka kile kipande cha mwanga kinachopanda kushoto kipotee. Mahali hapo bandika utepe mweusi. Taa nyingi zenye kioo cha kurudisha mwanga hukubali dawa hiyo. Zile zenye lenzi ya duara kama jicho hazikubali, ingawa baadhi ya magari ya Ulaya yenye lenzi hiyo yana kidude kidogo nyuma ya taa cha kuhamisha upande. Kwa utepe unapoteza mwanga kiasi na ukingo wa kulia haupati kitu, lakini unaacha kuwaumiza wenzako. Kwa gari la namna hiyo mimi singeweka LED.

Kuna mambo mengine mawili ya kuangalia kwanza, na hayagharimu sana. Plastiki ya mbele ya taa inaliwa na jua mpaka inakuwa ya manjano kama maji ya mtoni. Isugue kwa msasa wa maji, anza na 800, kisha 1500, kisha 2000, umalizie na dawa ya kung'arisha na vanishi inayozuia jua. Dawa ya meno inang'arisha kwa muda mfupi tu, halafu umanjano unarudi. Jambo la pili ni umeme unaofika kwenye balbu. Washa injini na taa, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye plagi ya balbu. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna waya uliochoka au masi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari) iliyoshika kutu. Balbu ya halojeni ina adhabu kali hapo: ikikosa asilimia 10 ya volti zake inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Nimewaona watu wakilaumu halojeni wakati kosa lilikuwa boliti moja ya masi. Safisha boliti, na ikibidi weka rele, yaani swichi ya umeme, ili umeme utoke moja kwa moja kwenye betri.

Baada ya yote hayo, kama taa ni za upande wetu, safi, na umeme unafika, LED ina faida. Mimi nimeziweka na ninazipenda. Lakini dukani utaambiwa mengi.

«Mukubwa, hii njo ya muzuri, wati mia mbili, lumeni elfu makumi mbili,» muuzaji aliniambia, akinionyesha boksi. Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga. Fanya hesabu naye pale pale. Wati 200 kwa volti 12 ni karibu ampea 17. Fyuzi ya taa kwenye gari dogo kwa kawaida ni ya ampea 10 au 15. Kama boksi linasema kweli, fyuzi isingedumu. Balbu ya halojeni ya aina ya H4 inakula wati 60 kwenye fulu na 55 kwenye kode, na kwenye kode inatoa takribani lumeni 1000. LED ya wati 20 au 25 za kweli inatosha kuipita. Kwa hiyo achana na namba za boksi, shika balbu mkononi.

Angalia vile vipande vidogo vya njano vinavyotoa mwanga. Ndani ya halojeni kuna uzi mwembamba uliokaa mahali pamoja, na taa yote ilichongwa kwa kuufuata uzi huo. Vipande vya LED vinapaswa kukaa mahali palepale na kuwa na ukubwa uleule, na ubao vilipobandikwa uwe mwembamba. Ubao ukiwa mnene, au vipande vikiwa vingi na virefu, mwanga unatawanyika na ule mstari wa ukutani unapotea. Chukua balbu yako ya zamani uende nayo dukani, uziweke mbili bega kwa bega. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine.

Hata viwandani wanajua kwamba taa na balbu lazima zilingane. Lexus LS 600h, gari la kwanza la kiwandani kutoka na kode ya LED mwaka 2007, lilichorewa taa yake upya kabisa kwa ajili ya LED. Na Ujerumani, waliporuhusu balbu za LED za kubadilisha mwaka 2020, ruhusa ilitolewa kwa aina ya gari na ya taa, moja moja, baada ya kupimwa. Hawakusema «LED ni nzuri» kwa jumla, na ninaona wana haki.

Rangi: chagua nyeupe ya kawaida, usifuate ile ya kuelekea bluu. Kwenye mvua ya Januari, na kwenye vumbi la Agosti nyuma ya lori la shaba, mwanga wa bluu unachosha macho yangu haraka, na watu wanaokuja unawakera.

Kufunga si kazi kubwa. Toa plagi, toa mpira wa nyuma, fungua springi, ingiza mpya. Vile vipande vya mwanga vitazame kushoto na kulia, si juu na chini. Balbu nyingi zina pete unayoweza kuizungusha. Ikikataa kuwaka, geuza plagi, kwa sababu LED inajali chanya na hasi. Kisha rudi ukutani kwenye mstari wako wa chaki. Mstari mpya uwe mkali kama wa zamani na ukae palepale. Kwa mita 10, mstari wa kode uwe sentimita 10 hivi chini ya urefu wa katikati ya taa. Ukiona mwanga umemwagika juu ya mstari, balbu hiyo irudishe dukani, hata kama mbele ya gari kunang'aa sana. Washa redio pia: Radio Okapi ikianza kukoroma ukiwasha taa, kidude cha umeme cha balbu hakikukingwa vizuri.

Vumbi letu jekundu ndilo adui mkubwa wa LED hapa. Halojeni hutupa joto lake mbele. LED hulirudisha nyuma, na nyingi zina feni ndogo ya kulitoa. Kwenye kiangazi feni hiyo inameza vumbi, inakwama, balbu inachemka, na mwanga unapungua taratibu bila wewe kugundua. Kwa hiyo napendelea zisizo na feni, zile zenye mikia ya shaba iliyosukwa. Tena mikia inakunjika na kuingia chini ya mpira wa nyuma. Mafundi wengi hukata mpira huo ili feni itokeze, na mimi namkataza wangu kabisa. «Yaya, bila kutoboa haiingii,» aliniambia. Basi tukatafuta inayoingia. Mpira ukitobolewa, mvua ya kwanza ya Novemba inaingia ndani ya taa na kioo cha kurudisha mwanga kinaanza kuharibika, na hicho hakina spea peke yake.

Ukipakia magunia ya unga nyuma, pua ya gari inainuka na kode yako inakuwa kama fulu. Kama una kile kigurudumu kidogo cha taa kwenye dashibodi, chenye namba 0 hadi 3, kizungushe kuelekea 3 ili mwanga ushuke, kabla ya kuondoka. Na zile balbu za halojeni ulizozitoa usizitupe. Zifunge kwenye karatasi, usiguse kioo chake kwa vidole kwa sababu mafuta ya mkono huipasua ikipata moto, uziweke ndani ya gari. LED ikizimika usiku kati ya Likasi na Kolwezi, unarudisha ya zamani na kuendelea na safari.