"Cut short" ni kukatisha, si kufuta

Umeuliza kama "we cut short our trip" maana yake safari ilifutwa. Hapana, ndugu yangu. Safari ilianza, ila ikakatishwa kabla ya wakati wake: walipanga siku 7, wakarudi siku ya 4. Kama wasingeondoka kabisa, wangesema "we cancelled our trip".

Wengi hukwama kwenye mpangilio wa maneno. "Cut short the meeting" na "cut the meeting short" zote ni sahihi. Lakini ukitumia kiwakilishi, lazima kikae katikati: "cut it short". "Cut short it" ni kosa, nami nimelisahihisha mara nyingi mno kwenye insha za wanafunzi. Wakati uliopita kitenzi hubaki "cut" vilevile.

Angalia pia anapotajwa mtu. "She cut me short" si kwamba alinifupisha, bali alinikata kauli nikiwa bado nazungumza. Na ukisoma "his life was cut short", ujue aliyetajwa alifariki mapema, kabla ya umri wa kutarajiwa. Hapo tafsiri kwa upole: maisha yake yalikatizwa.