Polishi Hailishi Rangi ya Gari, Huipunguza

Swali: Ninaishi Kisasa, Dodoma. Nina Toyota nyeusi ya mwaka 2008 niliyoinunua ikiwa imetumika Japani. Usiku inalala nje na mchana inashinda juani kazini Mtumba. Boneti na paa vimeanza kupauka. Kila baada ya miezi miwili naipeleka kupigwa polishi kwa mashine mahali ninapooshea gari, kwa kuwa niliambiwa kwamba polishi huilisha rangi. Inang'aa wiki moja tu, kisha inapauka kuliko mwanzo. Je, ninunue waksi gani, au polishi gani yenye nguvu zaidi?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla sijataja kopo wala chupa yoyote ya dukani, nakuomba usitishe hiyo safari ya kila miezi miwili. Wenye magari wanaokuja karakana kwetu na lalamiko kama lako ni wengi mno, na karibu wote wameambiwa neno lile lile, kwamba rangi ya gari hukauka kwa njaa na polishi ndiyo chakula chake. Hilo si kweli hata kidogo. Rangi ikishakauka haili wala hainywi kitu. Polishi ni chembe za kusagia zilizochanganywa na mafuta na maji, na kazi yake ni kusaga uso wa rangi mpaka mikwaruzo iliyo juu iondoke na uso ulio chini yake, ambao bado ni laini, uonekane. Mng'ao unaoupenda unatokana na kitu kilichoondolewa, na kilichoondolewa hakirudi.

Kinachoondolewa ni klia, yaani lile tabaka la juu lisilo na rangi, linalofunika rangi nyeusi na praima, yaani rangi ya msingi, iliyo chini yake. Kwa gari lililotoka kiwandani, klia huwa na unene wa maikroni 35 hadi 50 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali unywele mmoja wa binadamu una maikroni 70 hivi. Kompaundi kali, yaani polishi yenye chembe kubwa za kusagia, ikipigwa kwa mashine mara moja inaweza kula maikroni kadhaa, na wewe unapigiwa mara sita kwa mwaka, bila kuhesabu polishi ambazo huenda gari lilishapigwa kabla halijauzwa ili lipendeze machoni mwa mnunuzi. Tena si lazima klia iishe yote ndipo hasara ianze, kwa kuwa ndani yake mna viambato vinavyozuia miale ya urujuanimno isiifikie rangi, na kila inapopungua kinga hiyo nayo inapungua. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Novemba siku nyingi hupita bila wingu la kutuliza jua. Boneti na paa ndivyo vinavyolitazama jua hilo moja kwa moja, na ndiyo maana vimepauka huku milango yako, bila shaka, ingali mizuri.

Kuhusu mng'ao unaodumu wiki moja, polishi nyingi zinazotumika mahali pa kuoshea magari zina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kuificha. Gari likioshwa mara mbili au tatu kwa sabuni ya unga, mafuta hayo huondoka, na mikwaruzo ya zamani huonekana pamoja na ile mipya iliyoletwa na mashine, juu ya klia ambayo sasa haina kinga yoyote. Kwa hiyo si kwamba polishi yako haikuwa na nguvu ya kutosha. Ukitafuta yenye nguvu zaidi, utaharakisha mwisho.

Sasa lichunguze gari lako asubuhi, likiwa safi na baridi. Pitisha kidole taratibu pale rangi nzuri inapokutana na sehemu iliyopauka, hasa kwenye kingo za boneti na kwenye mikunjo ya paa, kwa kuwa hapo ndipo mashine hula haraka. Ukihisi ukingo mdogo, kama ngozi iliyoanza kubanduka, au ukiona mabaka meupe yenye mpaka dhahiri, basi klia imekwisha au imeachana na rangi, na hakuna waksi wala polishi duniani itakayoirudisha. Kidole kikiteleza bila kukwama, na ukaona ukungu tu na mikwaruzo ya mviringo inayoonekana jua likipiga, bado una kitu cha kuokoa. Ikiwezekana, tafuta fundi rangi mwenye kifaa cha kupimia unene wa rangi akupimie bodi nzima ya chuma. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na itakuambia mengi kuliko macho ya mtu yeyote.

Kama klia ipo, piga polishi mara moja ya mwisho, ile laini kabisa ya kumalizia, kwa mkono na kwa sponji safi, kivulini, sehemu moja ndogo baada ya nyingine. Baada ya hapo unahitaji kitu cha kukaa juu ya klia, na hapo ndipo waksi inapoingia. Waksi huongeza tabaka jembamba ambalo jua, vumbi na kinyesi cha ndege hulishambulia kwanza kabla ya kuigusa klia. Waksi ya asili inayosifika zaidi hutokana na majani ya mkarnauba, mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Hung'aa vizuri sana kwenye gari jeusi, lakini hudumu wiki chache tu. Kwa gari linaloshinda juani, mimi ningechagua silanti, yaani kinga iliyotengenezwa kwa kemikali, ambayo kwa kawaida hudumu miezi mitatu hadi sita. Kwa hali yako, hesabu mitatu. Soma maandishi ya kwenye chupa kabla ya kulipa: ikiwa imeandikwa kwamba inaondoa mikwaruzo au kwamba ni polishi na waksi kwa pamoja, ina chembe za kusagia, na haifai kwa matumizi ya mara kwa mara. Paka tabaka jembamba, acha likauke kama maelekezo yanavyosema, kisha futa kwa kitambaa laini. Maji yakiacha kujikusanya kuwa matone juu ya boneti na kuanza kutandaa, muda wa kupaka tena umefika.

Wapo wanaouliza kuhusu nta ya nyuki, kwa kuwa inapatikana jirani, Singida na Manyoni, na ni ya bei nafuu. Nta hiyo ni njema kwa ngozi na kwa mbao, lakini huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selisiasi, na boneti nyeusi juani saa saba mchana inaweza kupita hapo. Italainika, kisha itanasa vumbi lote la barabarani.

Na vumbi ndilo jambo ambalo ningetaka kila mwenye gari katika mkoa huu alitilie maanani kuliko waksi yenyewe. Mchanga wetu una chembe za kwatzi, madini magumu kuliko kioo, na kila unapopitisha kitambaa kikavu juu ya gari lenye vumbi unapiga msasa bila kujua. Mwagia maji mengi kwanza, tumia sabuni ya gari badala ya sabuni ya unga, na uwe na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Kausha mara moja, kwa sababu maji ya visima yenye chumvi yakikaukia juu ya bodi yenye joto huacha alama nyeupe, na alama hizo ndizo zinazowarudisha watu wengi kwenye mashine.

Kuhusu mashine, nitasema wazi kwa wasomaji wote. Nimechoka kuona kijana asiyejua kama gari lina klia au halina akishika mashine ya kusagia iliyofungwa sponji chafu ya gari lililotangulia, akiikandamiza kwenye ukingo wa mlango mpaka rangi inanuka kwa moto. Si kosa lake peke yake. Aliyempa mashine hakumfundisha, na mwenye gari hakuuliza. Muulize ni kompaundi gani anayotumia, na kwa nini. Asipoweza kujibu, chukua ufunguo wako.

Usikubali pia gari lako lifutwe kwa mafuta ya taa au dizeli. Yanang'arisha kwa saa chache, huyeyusha waksi iliyokuwapo, na huacha utando unaokusanya vumbi. Dawa ya meno ni ya kusagia, na haina kipimo. Dawa ya silikoni ya kung'arishia dashibodi isipuliziwe kwenye bodi, kwa sababu siku utakapohitaji rangi mpya, mabaki yake yataifanya rangi ijitenge na kuacha vishimo vidogo vya mviringo. Na anayekuuzia seramiki, yaani kinga ya majimaji inayokauka na kuwa ngumu juu ya klia, ya kupulizia kwa dakika kumi akiahidi kwamba hata jiwe halitakwaruza, anakudanganya. Seramiki ya kweli ipo na ni kinga nzuri, lakini hupakwa kwenye uso uliosafishwa mafuta yote, ndani ya chumba kisicho na vumbi, na huachwa saa nyingi ikomae. Hata hivyo ni nyembamba mno kuzuia jiwe lililorushwa na lori.

Ikiwa uchunguzi wako umeonyesha kwamba klia imeshabanduka, usipoteze fedha zaidi kwenye chupa. Boneti na paa vinaweza kupigwa msasa, rangi na klia mpya bila kugusa sehemu nyingine za gari. Mweleze fundi rangi kila kitu kilichowahi kupakwa juu yake, hasa chenye silikoni, ili asafishe kabla ya kupiga msasa, na ukishachukua gari subiri muda atakaokupa kabla ya kupaka waksi yoyote, kwa kuwa klia mpya bado inatoa viyeyusho na haipaswi kufunikwa mapema.