Joka la Mvua kwa Heshima ya Senna

SWALI: Mhariri mpendwa, ninafuga majoka katika mchezo wa mtandaoni wa Flight Rising, nami ni mwanachama wa ukoo wa Moto, mmojawapo wa koo za mchezo huo. Ninataka kuangua joka moja kwa heshima ya Ayrton Senna, dereva wa Brazil aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mbio za magari za Formula One mara tatu. Nimefikiria mwili mwekundu na mabawa meupe kama gari lake la McLaren, na nilipe jina lake. Je, nimepatia? Tena, katika ukurasa wa wasifu wake nieleze vipi kifo chake?

JIBU: Ndugu msomaji, ninafurahi kwamba umeuliza kabla yai halijawekwa kiotani, kwa sababu ningependa ubadilishe karibu kila kitu isipokuwa nia yako.

Nianze na rangi. Nyekundu na nyeupe ya gari lile ilikuwa rangi ya tangazo la sigara, kama ilivyokuwa nyeusi na dhahabu ya gari la Lotus aliloliendesha kabla yake. Magari yalibadilika, wadhamini wakabadilika, lakini kofia yake ya mbio ilibaki ile ile: njano, yenye mstari wa kijani na mstari wa buluu. Hiyo ndiyo iliyomtambulisha kwa mbali, hata gari lilipofunikwa na vumbi la maji. Kwa kuwa joka la mchezo huo lina rangi tatu, yaani ya mwili, ya mabawa na ya madoido, kofia hiyo inakuenea sawasawa: mwili wa njano, mabawa ya kijani, madoido ya buluu. Usibahatishe. Rangi za mchezo zimepangwa katika duara, na rangi ya mtoto hutoka katika sehemu iliyo kati ya rangi za wazazi wake. Kwa hiyo ukipata wazazi wawili wasio na undugu wa karibu, wenye njano ile ile, kijani kile kile na buluu ile ile, mtoto hana njia nyingine ila kuwafuata.

Jambo la pili ndilo ninalolijali zaidi. Likianguliwa kwako joka litakuwa la Moto, na huenda unaona moto unafaa kwa sababu ya kasi, nami ninaelewa, lakini kasi walikuwa nayo madereva wengi. Senna alikuwa mtu wa mvua. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana katika mashindano ya karti, yaani vigari vidogo vya mbio, aliwahi kushindwa vibaya kwenye njia iliyolowa, na tangu hapo kila mvua iliponyesha alitoka kwenda kufanya mazoezi wakati wenzake wakijikinga. Matunda yake yalionekana Monaco mwaka 1984, alipoanza nafasi ya 13 akiwa na gari dhaifu la Toleman, akawapita watu mmoja baada ya mwingine hata akawa anamkaribia Alain Prost aliyeongoza, ndipo mashindano yakasimamishwa kwa sababu ya mvua naye akahesabiwa wa pili. Mwaka uliofuata alipata ushindi wake wa kwanza kule Estoril, Ureno, katika mvua kubwa. Mwaka 1993 kule Donington, Uingereza, alirudi nyuma hadi nafasi ya tano mara baada ya kuanza, na kabla mzunguko wa kwanza haujaisha alikuwa mbele ya wote. Joka la mtu huyu ni la Maji. Kwa kuwa joka huchukua ukoo wa kiota lilimoanguliwa, kiota chako cha Moto hakitakufaa; mwombe mchezaji wa ukoo wa Maji akuangulie, kisha ulipokee. Yai huatamiwa mara 5, mara moja kwa siku, hivyo utakuwa na muda wa kutosha wa kuandika wasifu.

Jina lake usilitumie. Liite Chuva, yaani mvua kwa Kireno, na wanaomjua Senna watatambua mara wakiona njano ile.

Kuhusu wasifu, usijaze orodha ya vikombe. Chagua tukio moja ulieleze kwa utulivu. Mimi ningechagua mashindano ya njia ya Interlagos, katika mji wake wa São Paulo, Machi 1991: sanduku la gia liliharibika, mwishoni akabaki na gia ya sita peke yake, hata katika kona za polepole, na bado akashinda nyumbani kwa mara ya kwanza. Mikono ilikuwa imechoka kiasi kwamba aliliinua kombe kwa shida. Joka linaloruka na bawa moja lililokaza, likakataa kutua, litasema hayo yote.

Alifariki tarehe 1 Mei 1994 katika ajali kule Imola, Italia. Nisingelifanya joka life, wala nisingeandika juu ya ukuta ule aliougonga. Lakini siku iliyotangulia, Roland Ratzenberger wa Austria alikuwa amefariki kwenye njia hiyo hiyo, na baada ya ajali ya Senna bendera ya Austria ilikutwa ndani ya gari lake, ikiwa imekunjwa. Andika tu kwamba Chuva hubeba chini ya bawa kitambaa chenye mistari ya nyekundu, nyeupe na nyekundu, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kukigusa.